Uzoefu wangu wa kubadilisha umiliki wa kiwanja cha pamoja baada ya kaka kufariki

Mimi na marehemu kaka yangu tulinunua kiwanja cha umiliki huru magharibi mwa Uganda, kila mmoja akitoa nusu ya bei. Siku ya kutia saini hakuna aliyetuuliza tunataka kuandikwa vipi, nasi hatukujua kwamba kuna namna mbili. Hati ilitoka na majina yetu mawili bila kutaja hisa, tukafurahi, tukaifungia kabatini.

Kaka alipofariki, nilimwendea wakili nikidhani kazi ni kuliondoa jina lake na kuliweka la wifi yangu. Wakili aliisoma hati, kisha akanieleza kwamba watu wanaoandikwa pamoja bila hisa huhesabiwa kisheria kuwa wamiliki wa pamoja, na mmoja anapofariki sehemu yake haiingii kwenye mirathi bali humwendea aliyebaki. Kwa hiyo kiwanja chote kilikuwa changu, na watoto watatu wa kaka hawakuwa na kitu. Sikuweza kulikubali hilo hata kwa siku moja.

Hatua ya kwanza, ya kuandikishwa kama mmiliki aliyebaki, ilihitaji hati halisi, ombi kwa msajili wa ardhi na cheti cha kifo kutoka NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili wa watu. Uchunguzi wa rejista, ambao kila mtu anapaswa kuanza nao ili ajue kama kuna zuio lolote, uligharimu shilingi 10,000. Kilichotuchelewesha ni jina: kwenye hati kaka aliandikwa kwa majina mawili, na kwenye kitambulisho cha taifa kwa matatu, tena kwa mpangilio tofauti. Ilibidi tuape hati ya kiapo kwamba ni mtu yuleyule. Ofisi ya ardhi ya kanda ilipokea kiapo hicho, halafu jalada likakaa wiki tano bila mtu kutuambia limefikia wapi, na wifi alisafiri mara tatu bure akiwa bado katika majonzi. Hilo liliniuma kuliko gharama yoyote.

Hatua ya pili ilikuwa kumhamishia wifi nusu. Mthamini wa serikali alikadiria thamani, tukalipa benki ushuru wa stempu wa asilimia 1.5 ya sehemu iliyohamishwa. Kwamba nilikuwa naitoa bila malipo hakukutuondolea ushuru huo. Tulipeleka pia picha za pasipoti na namba zetu za mlipakodi. Safari hii afisa wa mapokezi, kijana mwenye subira, alizikagua karatasi zote mbele yetu na kutuonyesha saini moja iliyokosekana kabla hatujaondoka. Tungepata msaada kama huo mwanzoni, tungeokoa mwezi mzima.

Huduma ya wakili naisifu bila kusita. Ile ya ofisi naipa nyota tatu kati ya tano, kwa sababu kazi yenyewe ilifanyika kwa usahihi na hatukuombwa hela yoyote isiyo na risiti. Wenye hati za majina mawili, nawasihi mzitoe kabatini mzisome wenyewe wote mkiwa hai, kwa sababu kubadilisha kuwa wamiliki kwa hisa, yaani kila mmoja akiwa na sehemu yake inayoweza kurithiwa, wakati huo kungetugharimu hatua moja tu.

Hati mpya inasema nusu kwa nusu, na nusu ya wifi itawafikia watoto wake.