Maji ya mvua ndani ya milango ya gari: fundi wa kwanza aliziba, wa pili akazibua

Ilianza na sauti. Masika yaliyopita, mwezi wa nne, nateremka kilima cha Goba, Dar es Salaam, asubuhi kuelekea kazini, na kila nikikanyaga breki nasikia maji yanacheza, kama vile kuna dumu lililojaa nusu huko nyuma. Nikasimama, nikafungua buti. Hakuna dumu. Aliyegundua ni mwanangu. Alikuwa kiti cha nyuma, kaegemeza kichwa mlangoni, akaniambia, "Mama, maji yako humu ndani." Nikaushika mlango nikautikisa, nikayasikia waziwazi.

Gari langu ni dogo, limetumika Japani kabla ya kuja kwangu, na huu ni mwaka wa nne ninalo. Nyumbani nalipaki chini ya mwarobaini ili lipate kivuli. Barabara yetu kiangazi ni vumbi, masika ni tope. Hayo mawili, mti na vumbi, ndiyo yaliyonifikisha hapo, ingawa wakati ule sikuyawazia kabisa.

Nilianzia gereji moja iliyo karibu na kazini. Fundi alizunguka gari, akaona unyevu kwenye ukingo wa chini wa milango, akasema mvua inapenya hapo, dawa yake ni kuziba. Hakufungua hata skrubu moja. Akapaka silikoni nyeusi milango yote minne, kila palipokuwa na tundu au mwanya, akachukua shilingi 40,000. Kazi ilionekana safi kwa macho, nikaondoka nimeridhika.

Haikupita wiki, mambo yakaharibika zaidi. Kapeti la nyuma likalowa mpaka ukikanyaga maji yanachuruzika. Kioo cha mlango wa nyuma kushoto kikawa kinapanda kwa kusitasita, kinasimama katikati, kinaendelea. Na harufu! Ile harufu ya nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Mwanangu ana kifua, kwa hiyo hilo lilinikosesha usingizi kuliko gari lenyewe.

Jirani ndiye aliyenielekeza kwa fundi wa Tabata ambaye kazi yake ni vioo, vitasa na milango tu. Ni kijana, banda lake ni mabati manne na karai la vifaa. Kabla hajaligusa gari langu alichukua jagi la maji, akalimimina taratibu kwenye kioo cha gari jingine lililokuwa pale, kwa nje, kioo kikiwa kimefungwa. Akaniambia niiname. Baada ya sekunde chache matone yakaanza kudondoka chini ya mlango. "Umeona dada? Raba ya kioo haizuii maji yote, hata gari likiwa jipya. Yanaingia, yanateremka kwa ndani, yanatokea huku chini. La kwako wamelizibia pa kutokea."

Nilijisikia vibaya kwa zile 40,000, lakini kwa mara ya kwanza nikaelewa ninachotengenezewa. Kila mlango una matundu madogo kwenye ukingo wake wa chini, yametobolewa kiwandani kwa makusudi. Vumbi likiingia na mvua linageuka tope, tope linakutana na majani, matundu yanaziba. Ya kwangu yalikuwa yameanza kuziba yenyewe, silikoni ikamalizia.

Alibandua silikoni kwa kipande cha plastiki ngumu, si kisu. Kuchokonoa tundu, alitumia ile kamba ya plastiki ya kufungia nyaya. Nilipouliza kwa nini asitumie msumari, akasema msumari unakwangua rangi ndani ya tundu, na hapo hapo kutu inaanzia. Mlango wa nyuma kushoto ulipozibuliwa, maji yalitoka kwa nguvu, ya kahawia, yananuka, yakajaa zaidi ya nusu ya karai dogo. Yakafuatiwa na tope jekundu laini, na ndani ya tope vijani vya mwarobaini vimekuwa vyeusi, vimeshikana kama majani ya chai yaliyobaki kwenye chujio. Nilisimama nikavitazama. Miaka minne ya kivuli changu ilikuwa mle.

Mimi ningeishia hapo, lakini yeye hakukubali. Alisema matundu kuziba kunaeleza sauti ya maji, hakuelezi kwa nini kapeti limelowa kiasi kile. Kwanza akahakikisha mpira unaotoa maji ya AC haujaziba, na sehemu ya chini ya waipa haina majani, kwa sababu maji ya huko nayo huishia kwenye kapeti. Zote zilikuwa salama. Ndipo akafungua kava la ndani la mlango: skrubu nyuma ya kishikio, halafu klipu moja moja.

Nyuma ya kava kuna nailoni iliyobandikwa kwenye bati, na kazi yake ni kuyarudisha maji upande wa nje yasiingie kwenye kiti. Ya kwangu ilikuwa imekatwa kwa wembe kuzunguka spika, inaning'inia. Nikakumbuka: mwaka juzi nilibadilishiwa spika za nyuma. Aliyezifunga aliikata nailoni ili apitishe mkono, akarudisha kava, basi. Kuanzia hapo maji yalikuwa na njia ya kuja ndani. Kwa hiyo, ndugu zangu, ukibadilishiwa spika, kitasa au mota ya kioo, simama hapo uangalie nailoni inarudishwa na kubandikwa. Hilo ndilo ninalotaka mnielewe kuliko mengine yote.

Hakuweka selotepu. Alilaza nailoni ya zamani juu ya nailoni mpya nene, akakata kwa kuifuatisha, akafuta bati mpaka likakauka, akabandika kwa gundi nyeusi inayovutika kama bigijii. Sehemu ya chini ya nailoni aliiingiza ndani ya mlango, si kuiacha nje, ili tone linaloteremka lidondokee kwenye matundu. Mota ya kioo aliitoa akaianika, akapaka grisi kwenye reli. Alinitahadharisha kwamba imeshaonja maji na huenda ikanisumbua siku za mbele. Mpaka leo inafanya kazi. Kwenye ukingo wa chini palikuwa na rangi iliyovimba kama lengelenge. Akapiga msasa, akapaka praima. Doa linaonekana ukiinama.

Nililipa shilingi 60,000 kwa milango minne, pamoja na nailoni na gundi. Naona ni bei ya haki.

Yapo ambayo sikuyapenda. Aliniahidi saa mbili, nikakaa kutoka asubuhi mpaka karibu na magharibi, bila kiti wala choo cha karibu. Hatoi risiti. Klipu moja ilivunjika, akaweka nyingine ya kijivu wakati za kwangu ni nyeusi, na hakunionyesha mpaka nilipoiona mwenyewe. Akiambiwa anasikiliza, lakini ungetarajia aseme kwanza.

Kapeti nilikausha mwenyewe nyumbani. Chini ya kapeti kuna sponji, na hiyo ndiyo inayoficha maji. Juu pakikauka usidanganyike. Niliinyanyua nikaiegemeza kwa matofali juani siku mbili, milango wazi. Siku ya tatu harufu ikakata.

Tangu hapo vuli nzima imepita. Bado nalipaki chini ya mwarobaini, siwezi kuacha gari liive juani, ila kila mwisho wa mwezi napitisha kamba ya plastiki kwenye matundu na kumimina jagi moja kwenye kila kioo. Maji yakichelewa kutoka chini, najua kuna jani. Dakika kumi, basi.

Jumamosi iliyopita mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nilikuta chini ya kila mlango mstari wa matone kwenye sementi, upande huu na upande ule. Nikafungua mlango wa nyuma kushoto, nikakandamiza kapeti kwa kiganja. Kavu.