Gardeners' World kwa mtu anayebana matumizi: uzoefu wangu

Kwa wenzangu mnaoishi Uingereza mkiwa na kauwanja nyuma ya nyumba, au mliobahatika kupata kishamba cha kukodi cha halmashauri, leo nina maneno kuhusu Gardeners' World ya BBC Two. Ni kipindi cha bustani cha Ijumaa jioni, kipo hewani tangu 1968, na sura yake kuu tangu 2003 ni Monty Don, ukiondoa miaka michache aliyojiweka kando kwa sababu za afya. Nakipa nyota nne kati ya tano.

Ukikitazama juu juu utasema hiki si cha watu wa aina yetu. Bustani ya Monty, Longmeadow, kule Herefordshire, ni ya ekari mbili hivi. Ina nyumba za kioo, ua wa miti uliokatwa ukanyooka, vyungu vya udongo vya kila saizi. Mtu anamwaga mfuko wa mboji, anaufuata na mwingine, wala husikii bei hata mara moja. Mimi nimepanga nyumba hapa Leicester, na kwa muda mrefu nilikuwa nakitazama kama watu wanavyotazama tamthilia za matajiri: kupumzisha macho tu, basi.

Kilichonigeuza ni vipandikizi, yaani vitawi vinavyokatwa na kuchomekwa udongoni vitoe mizizi. Wakifika hapo kamera husogea karibu na mikono ikatulia, na hapo ndipo ada ya leseni ya televisheni (iliyopanda hadi pauni 174.50 mwaka 2025) inapoanza kurudi mfukoni. Unaona Monty anachagua tawi changa lisilo na ua, analikata chini kidogo tu ya kifundo (pale jani linapotokea) kwa kisu kikali, anapukutisha majani ya chini na kubakiza machache kileleni. Halafu anayachomeka matawi ukingoni mwa chungu, yakiwa yameegemea ukuta wake, wala si katikati. Udongo umechanganywa na changarawe nyingi ili maji yasituame. Kama huna kifaa cha kutunza unyevu, mfuko wa plastiki juu ya chungu unatosha.

Nikachukua rozimeri ya supamaketi, ile ya chungu kidogo ambayo watu huchuma kwa ajili ya kuku wa kuoka kisha wakaitupa. Leo nina safu nzima kando ya uzio. Lavenda nilimwomba mama wa jirani. Waingereza hawa utaishi nao miaka msalimiane kwa kichwa tu, lakini mwombe kitawi cha mmea wake uone atakavyokukaribisha hadi chai. Na ile mirehani ya chungu, ujue si mmea mmoja: ni miche mingi iliyosongamana. Itenganishe taratibu, panda kwenye vyungu vinne, utakula majira yote ya joto.

Katika fani hii ya kuzalisha kimoja kiwe kumi, anayenikosha zaidi ni Carol Klein, ambaye bustani yake, Glebe Cottage, iko Devon. Huyu mama anakata mizizi vipande vipande, anailaza kwenye udongo, na kila kipande kinachipua. Kutokana na kumtazama, siku hizi nikienda kununua ua la kudumu sichagui chungu chenye maua mengi. Nachagua kilichosongamana, ninachoweza kukigawa mara tatu nikifika nyumbani.

Jambo la pili ni mboji ya majani. Kila Oktoba watu hapa wanakusanya majani makavu na kuyaweka nje yachukuliwe na gari la taka, huku majira ya kuchipua yakija wanajipanga dukani kununua mifuko. Monty huyapitishia mashine ya kukatia nyasi yapate kusagika, anayalundika ndani ya wavu, anayamwagia maji, anayaacha. Sina nafasi ya wavu, kwa hiyo natumia mifuko myeusi ya taka niliyoitoboa kwa uma, nimeibana nyuma ya kibanda. Mwaka mmoja hadi miwili ukipita, ukifungua unakuta kitu cheusi, laini, kinanukia msitu baada ya mvua. Kinafaa sana kusia mbegu. Ile mbolea ya maji ya komfri, mmea ambao majani yake huloweshwa kwenye ndoo, nayo inafanya kazi kweli, sehemu moja kwa kumi za maji, ila funika ndoo. Harufu yake itawafikisha majirani polisi.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya bei. Mtu akionyeshwa bustani iliyojengwa upya, mawe na mbao vimepangwa, anastahili kuambiwa imegharimu kiasi gani. Kisha msimu wake wa kawaida huanza Machi na kuishia vuli, na usiku mrefu wa Desemba, ndipo mtu anapotamani kuona kijani, umelala. Na vyakula vyetu ni nadra. Mchicha na matembele itabidi ujitafsirie mwenyewe: wanapozungumza nyanya na maboga, wewe sikia matembele. Machi naegesha kiazi kitamu kwenye udongo wenye unyevu dirishani, nikichagua chenye macho yaliyoanza kuamka, maana vingine vya dukani hugoma kabisa. Machipukizi yakifika urefu wa kiganja nayachomoa, nayasimamisha kwenye maji mpaka yatoe mizizi, kisha vyungu. Hayatoki nje mpaka Mei imalizike, baridi ya usiku itayababua. Giligilani nasia zilezile mbegu nzima za duka la viungo, mfuko mkubwa kwa bei ya kipakiti cha duka la bustani. Sukuma wiki haina tabu, hali ya hewa hii ni kwao.

Kwa kubana matumizi hasa, gwiji alikuwa Geoff Hamilton, aliyekiongoza kipindi kuanzia 1979 hadi alipofariki 1996. Alikuwa akijitengenezea vitu kwa mikono yake, vibanda vidogo vya kukingia miche na mapipa ya mboji, badala ya kukimbilia dukani. Bustani yake, Barnsdale, iko Rutland, jirani tu na sisi wa Leicester, na bado inapokea wageni. Siku hizi roho yake naiona kwenye video za watazamaji, zilizoanza 2020 wakati wa karantini ya korona. Hapo utaona baraza ya ghorofani, ndoo kuukuu, maharage kwenye vibomba vya karatasi ya chooni. Dakika chache tu, laiti wangezirefusha.

Kwa walio nyumbani wenye shamba la kuwalisha, kipindi cha Shamba Shape Up cha Kenya kitawafaa zaidi, maana kinaingia kwa mkulima mwenyewe na kurekebisha alichonacho. Hii ya Waingereza ni ya bustani ya kupendezesha macho, na mboga kidogo pembeni. Kama huna saa nzima, itazame baadaye kwenye iPlayer, huduma ya BBC ya mtandaoni (leseni ile ile inahitajika), na uruke hadi mwisho, kwenye kazi za wikiendi. Nyingi hazidai zaidi ya mkasi, kamba na Jumamosi asubuhi.