Let's Encrypt: cheti cha bure ninachowawekea wateja wangu wa Dar

Natunza tovuti za biashara ndogo ndogo hapa Dar es Salaam: maduka ya Kariakoo, gesti za Kigamboni, famasi kadhaa, shule moja ya Mbagala. Karibu zote zina cheti cha Let's Encrypt. Fundi mwenzangu akiniuliza aweke nini, namwambia aweke hicho, kisha akae macho.

Kwa asiyeijua kazi hii, cheti ndicho kinachokihakikishia kivinjari cha mteja kwamba kinaongea na seva ya tovuti ile hasa, ndipo mazungumzo yao yanasimbwa. Bila hicho, mwenye waifai ya mgahawa wa pale Posta anaweza kuisoma nywila yako inavyopita. Zamani vyeti vilinunuliwa kwa dola na kwa kadi ya benki, na muuza vitenge hakuona kwa nini ajisumbue. Let's Encrypt inaendeshwa na ISRG, taasisi ya Marekani isiyotafuta faida. Ilifunguliwa kwa umma Desemba 2015, na kufikia Februari 2020 ilikuwa imeshatoa vyeti bilioni moja bila kumtoza mtu.

Ubure wake ni mzuri, ila mimi nakipenda zaidi kile ambacho mafundi wengi wanakilalamikia: cheti chake cha kawaida kinaishi siku 90 tu. Cheti cha mwaka mzima kinalemaza. Kinawekwa kwa mkono, fundi anahamia Mwanza, na siku kinapokwisha hakuna ofisini anayejua nywila ya seva. Siku 90 zinakulazimisha uiachie programu kazi hiyo. Kwenye seva zangu ni Certbot: inaamka mara mbili kwa siku, inakitazama cheti, na kikibakiza chini ya siku 30 inaomba kingine. Let's Encrypt inaipa maandishi ya kuweka kwenye faili ndani ya tovuti, halafu inakuja yenyewe kuyasoma kupitia poti 80, mlango wa kawaida wa tovuti. Ikiyakuta, imeridhika kwamba aliyeomba ndiye anayeishika domeni, yaani jina la tovuti.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika, watu wa mji huu tunakumbuka intaneti ilivyotutesa. Wateja walipiga simu kwa mambo mengi, lakini si kwa cheti. Programu yenye mwezi mzima wa kujaribu haihangaishwi na siku chache za mtandao mbovu. Cheti cha kuwekwa kwa mkono siku ya mwisho kingenikuta pabaya.

Utaratibu huu wa kuombea vyeti unaitwa ACME, na IETF, jumuiya inayoweka viwango vya intaneti, waliutoa Machi 2019 kama waraka RFC 8555. Ni wazi kwa kila mtu, na watoaji wengine wa vyeti wanaufuata, Google wakiwemo. Kwa hiyo sijafungwa kwa mtoaji mmoja, nami hilo nalithamini sana.

Sasa niseme jambo lililonifanya niwaamini hasa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walichapisha kazi iliyoonyesha jinsi mtoaji wa vyeti anavyoweza kudanganywa. Njia za intaneti zinapangwa kwa itifaki ya BGP, ambamo kila mtandao unatangaza anwani ulizonazo na majirani wanaupokea ujumbe huo kwa kuaminiana. Mhalifu akitangaza kwamba anwani za seva yako ziko kwake, ukaguzi wa cheti unaelekea kwake, anajibu yeye, na anaondoka na cheti chenye jina lako. Let's Encrypt walishirikiana na watafiti hao, na Februari 2020 wakaanza kukagua kila ombi kutoka sehemu kadhaa za mtandao kwa pamoja. Ukiitafuta nyumba ya mtu Manzese humwulizi bodaboda mmoja ukaridhika. Unauliza na muuza genge, na mjumbe. Kuipotosha njia moja kunawezekana. Kuzipotosha zote kwa wakati ule ule ni kazi nyingine kabisa.

Ulinzi huo unatusumbua hapa nyumbani, na fundi wa Dar anapaswa kulijua hili mapema. Kampuni moja inayohifadhi tovuti ya mteja wangu iliamua kufunga wageni wote wanaotoka nje ya nchi, eti kupunguza mashambulizi. Tovuti ilifunguka vizuri kabisa Sinza na Tabata, ila cheti kikagoma kuhuishwa, kwa kuwa wakaguzi wanatoka nchi mbalimbali na Let's Encrypt haitangazi anwani zao. Ikizitangaza, mhalifu naye anajua pa kujipanga. Dawa yake ni kuthibitisha kupitia rekodi ya TXT, maandishi mafupi yanayowekwa kwenye DNS (mfumo wa majina ya intaneti), njia ambayo haihitaji tovuti kufunguka kabisa. Hakikisha tu wakala wako wa domeni anaruhusu programu kubadilisha rekodi hizo. Asiporuhusu, unarudi kwenye kazi ya mkono, na faida yote ya siku 90 imekwisha.

Simu za zamani nazo zina kisa chao. Cheti mzizi cha ISRG, yaani kile ambacho simu inakiamini ili iviamini vyeti vingine vya Let's Encrypt, hakikuwemo kwenye Android zilizotangulia toleo 7.1.1. Kwa miaka mingi mzizi wa IdenTrust, mtoaji mwingine wa vyeti, ndio uliowabeba, na huo ulifika mwisho tarehe 30 Septemba 2021. Wakapata saini ya ziada iliyowavusha miaka mitatu, kwa sababu Android hizo hazijali tarehe ya mwisho ya mzizi. Muda huo ulipokwisha mwaka 2024, mkuu wa ile shule alinipigia: “Dada, wazazi wanasema tovuti ya shule ina virusi.” Nilimtuliza, tukawaelekeza wazazi wenye simu hizo waingie kwa Firefox, inayobeba mizizi yake yenyewe. Siwalaumu Let's Encrypt kwa kuiacha saini hiyo iishe, lakini mji huu una simu nyingi za mtumba, na mtu mwenye bando la mia tano asionekane hana haki ya kusoma matokeo ya mwanawe.

Jambo lililonikera ni kusitishwa kwa barua pepe za kuonya kwamba cheti kinakaribia kwisha. Let's Encrypt walizizima Juni 2025. Kwa anayetunza tovuti nyingi peke yake zilikuwa msaada mkubwa. Andika programu yako ndogo ya kukagua tarehe, na iendeshe kwenye mashine tofauti na seva yenyewe.

Wateja wangu nawaeleza pia mpaka wa huduma hii. Mama mmoja wa Mtaa wa Congo aliniuliza kuhusu alama ya kufuli kwenye kivinjari, “Mwanangu, nikiona kufuli ndiyo nilipe?” Nikamjibu, “Hapana, mama. Kufuli linasema hakuna anayewasikiliza njiani, halisemi unayeongea naye ni mwema.” Wale wa “ile hela itume kwenye namba hii” wanaweza kufungua tovuti leo na kupata cheti halali kabisa.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Kama seva yako haikubali programu ya kuhuisha kabisa, nunua cheti cha kulipia kwa sasa, ila anza kupanga kuhama. Mamlaka za vyeti na watengenezaji wa vivinjari walipitisha ratiba Aprili 2025: ukomo wa cheti chochote cha umma ni siku 200 kuanzia 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia Machi 2027, na siku 47 kuanzia Machi 2029. Muulize anayekuhifadhia tovuti kama anatumia ACME, na uulize kabla hujalipia mwaka mwingine.