Kituo cha redio ya ridhaa kwa mbali: uvute sauti, au uache kompyuta kulekule?

Intaneti ikiwa nyembamba, njia za kuendesha kutoka mbali kituo cha redio ya ridhaa (ya kuwasiliana kwa kujifurahisha, si kwa biashara) ni mbili. Ya kwanza ni kuvuta sauti ya redio hadi ulipo. Sauti isiyobanwa, ya sampuli 8,000 kwa sekunde na biti 16, hula kilobiti 128 kwa sekunde. Ikibanwa kwa Opus, ambayo ni kodeki (programu ya kubana sauti), kilobiti 16 hivi zinatosha kwa maongezi. Kinachosumbua zaidi ni kuchelewa. Ukipiga Morse huku unasikiliza mlio wako ukirudi kutoka kituoni, mkono unavurugika. Heri mlio huo utengenezwe hapo ulipo.

Ya pili: kompyuta inabaki kituoni, wewe unatuma amri tu. Kwa FT8 (mfumo wa kompyuta kutumiana ujumbe mfupi kwa redio) ningechagua hii bila kusita. Zamu ni ya sekunde 15, ujumbe unafumbuliwa kulekule, na laini ikisuasua kidogo hakuna anayejua. Lakini kuleta skrini nzima hula data, hasa picha ya masafa isiyotulia, ile inayoonyesha mawimbi yanayopokewa (ifiche ukiweza). Kwa maongezi ya mdomo, njia hii peke yake haifai.

Vyovyote utakavyochagua, weka kituoni kifaa cha kuzima urushaji laini ikikatika.