Kamera ndogo za plastiki za zamani: uanze na ipi?

Kabla hujavutiwa na umbo la kamera, uliza kwanza filamu yake. Nyingi ya kamera hizi ndogo zilitengenezewa filamu ambayo haizalishwi tena, na kamera isiyo na filamu ni pambo tu. Kununua pambo si vibaya, mradi ulipe bei ya pambo. Orodha yangu nimeipanga kwa kigezo hicho.

Ya kwanza, bila kusita, ni Pentax Auto 110 ya mwaka 1978. Inaenea kiganjani, lakini ina kioo cha kuakisi na lenzi za kubadilisha kama kamera kubwa, kwa hiyo unaona picha kupitia lenzi yenyewe. Lenzi zake tatu za mwanzo ni za milimita 18, 24 na 50, zote f/2.8 (kipimo cha uwazi wa lenzi). Betri zake ni zile za duara za LR44, ambazo bado zinauzwa kila mahali. Filamu yake, iitwayo 110, ni filamu ndogo iliyo ndani ya kasha, na ilianzishwa na Kodak mwaka 1972. Ilipokaribia kutoweka, kampuni ya Lomography ikaanza kuitengeneza tena mwaka 2012. Ukiikagua, wenzo wake wa kusogeza filamu huvutwa mara mbili kwa kila picha. Ndivyo ilivyoundwa, usiidhanie mbovu.

Nafasi ya pili nawapa wadogo wasio na jina kubwa, zile kamera za 110 za bei rahisi kabisa. Nyingi hazihitaji betri, basi hazina mengi ya kuharibika. Usiikatae moja kwa sababu shata (kilango kinachoingiza mwanga) haifyatuki kamera ikiwa tupu. Fungua mgongo, utaona kijino kidogo ambacho hunasa tundu la filamu. Kwenye nyingi, ukikisukuma kwa ukucha huku ukivuta wenzo wa kusogeza filamu, shata hujitega.

Ya tatu ni Minox EC ya mwaka 1981. Picha yake ni milimita 8 kwa 11 tu, na lenzi ya milimita 15 haihitaji kulengwa. Ni nzuri sana, ila inataka mtu mvumilivu: betri ya PX27 ni ya kutafuta, na wengi hukata filamu wenyewe vipande vyembamba na kuvipakia kwenye kasha gizani.

Coronet Midget naiweka ya nne, ingawa kwa mapenzi ingekuwa ya kwanza. Ilitengenezwa Birmingham, Uingereza, kuanzia miaka ya 1930, kwa bakelaiti (plastiki ngumu ya zamani) nyeusi, kahawia, nyekundu, kijani au buluu, na ya buluu ndiyo adimu zaidi. Bakelaiti haipindi, huvunjika. Iweke kwenye mwanga wa pembeni, kisha pitisha ukucha pembezoni polepole. Ufa usioonekana kwa macho utausikia kwa kidole. Usiisugue kwa dawa kali ya kung'arisha, maana mng'ao ule upo juujuu tu, na ukishaukwangua haurudi.

Za mwisho ni kamera za diski za Kodak, ambazo filamu yake ni duara bapa, zilizoanza mwaka 1982. Filamu yake haipo tena, na kwenye modeli za mwanzo, kama Disc 4000, betri imefungiwa ndani ili mtumiaji asiibadilishe. Hizo ziache, labda upewe bure.