Bento ya chuma cha pua kwa chamcha ya kazini: vinavyokubali na vinavyokataa

Niseme mapema: mkebe huu wa bento, yaani mkebe wa chakula wa mtindo wa Kijapani wenye vyumba, ni mzuri, lakini haukuundiwa chakula ambacho wengi wetu hapa Nairobi tukikikosa tunasema hatujala. Kama chamcha kwako ni ugali na mchuzi, au wali uliolowa maharagwe, usihangaike nao. Hotipoti yako ya zamani itakufaa zaidi. Kama uko tayari kupika vitu vikavu, vinavyolika bila kupashwa moto, hapo tunaweza kuongea.

Wangu ni wa chuma cha pua, una vyumba vitatu: kimoja kikubwa kinachochukua nusu ya nafasi, na viwili vidogo. Mfuniko ni wa plastiki ngumu, una mpira mwembamba unaozunguka ukingo na vibanio vinne pembeni. Umeandikwa mililita 1,000. Niliununua Kamukunji, kwenye yale maduka ya vyombo yanayouza kwa jumla lakini hayakufukuzi ukitaka kimoja, shilingi 1,300 baada ya kuvutana kidogo. Ya plastiki ya muundo uleule ilikuwa chini ya nusu ya bei hiyo. Niliikwepa kwa sababu bizari na plastiki havipatani. Kontena zangu za nyumbani zimeshageuka rangi ya chungwa na hakuna sabuni iliyozirudisha.

"Boss, hii hata ukiipindua haimwagi," muuzaji aliniambia, akaipindua. Ilikuwa tupu.

Basi tuanzie kwenye kumwaga. Safari yangu ya asubuhi ni matatu ya Jogoo Road, kisha mguu hadi Industrial Area. Mkebe umelala ndani ya mfuko wa kitambaa, mfuko uko mapajani, dereva anayaruka matuta kana kwamba hayapo. Siku niliyobeba ndengu za mchuzi, nilifungua saa saba nikakuta ndengu zimehamia kwenye ndizi, na wali umekunywa mchuzi uliobaki. Nje hakukutoka hata tone, hilo nalisifu. Ila mfuniko unaziba ukingo wa nje tu. Kuta za ndani haziufikii. Vyumba vitatu ni vitatu kwa macho, kwa mchuzi ni chumba kimoja. Kuna mikebe ambayo mpira wa mfuniko unapita pia juu ya kila ukuta wa ndani, na mingine inakuja na kikombe kidogo chenye kifuniko chake. Ukiweza kuipata ya namna hiyo, ongeza pesa uichukue. Zamani mama zetu wangefunga mkebe unaovuja kwa karatasi ya nailoni mambo yakaisha, lakini tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku Agosti 2017, mfuniko ndio tegemeo lako la pekee.

Kuhusu joto, kibandiko cha dukani kilikuwa na picha ya chakula kinachofuka mvuke. Usidanganyike. Huu ni ukuta mmoja wa chuma, si chupa ya chai. Chakula ukikitia kikiwa cha moto asubuhi, saa nne kimeshapoa. Na kwenye maikrowevu hauingii, kwa sababu ni chuma. Kazini kwetu kuna maikrowevu moja, na ikifika saa saba foleni yake ni ndefu, kila mtu ameshika kontena na anamwangalia vibaya aliyetangulia. Mimi nimeacha kupanga foleni. Nahamishia kwenye sahani siku nikizidiwa na baridi ya Julai, siku nyingine nakula hivyohivyo.

Na hivyohivyo ndivyo bento ilivyokusudiwa. Huko Japani ilikotoka hupikwa ikijulikana kwamba italiwa ikiwa imepoa. Hata zile zinazouzwa kwenye vituo vya treni watu huzilia safarini bila kutafuta moto. Ila wao wana mchele wa kuwasaidia. Ule wao ni mfupi, unanata, na ukipoa unabaki laini. Pishori yetu ya Mwea ni kinyume chake. Sifa yake ni kuachana punje kwa punje na kunukia, na kwenye harusi ndivyo tunavyoitaka. Lakini mchele mrefu wa aina hiyo una wanga ambao ukipoa hujipanga upya na kukakamaa, na ukiulaza kwenye friji ndiyo unakuwa changarawe kabisa. Nimejaribu kuongeza maji, nimejaribu kuufunika na kitambaa. Unapata nafuu kidogo, basi. Siku hizi wali nauweka tu siku ambazo nina uhakika wa kuupasha.

Wali wa nazi nao una hila yake. Mombasa hungeona tatizo hili, lakini mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi ya Julai Nairobi huwa karibu na nyuzi 12. Unaufungua mkebe unakuta punje zimevaa nta. Pilau ya nyama ya ng'ombe ni mbaya zaidi: mafuta yake yanaganda meupe na kushika kwenye kaakaa. Ukipika pilau ya kuku kwa mafuta ya maji, bila mafuta ya kuganda, inalika vizuri tu.

Tukiwa bado kwenye wali, kuna jambo la afya ambalo sitalipita. Wengi wetu huacha sufuria ya wali juu ya jiko usiku kucha, asubuhi tunapakia. Kuna bakteria, Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa na uvuguvugu kwa saa nyingi anazaana na kuacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Wali wa jana utoke kwenye friji, au usibebwe.

Chapati ndiyo mfalme wa chamcha ya namna hii, kwa masharti. Kanda kwa maji ya uvuguvugu na mafuta ya maji, kwa sababu iliyopikwa kwa mafuta ya kuganda hukakamaa ikipoa. Ziache zipoe kabisa kabla ya kufunga, la sivyo mvuke unageuka maji kwenye mfuniko na kuzidondokea. Mimi huzikunja, nikazizungushia kitambaa safi, nikaziweka nje ya mkebe kabisa ili chumba kikubwa kibaki cha vitu vingine.

Mukimo sikuutarajia. Ukipoa unajishika, unaukata vipande kama mkate, na ladha ya majani ya maboga inakolea. Nduma na viazi vitamu ni wazi, vilizaliwa kuliwa baridi. Githeri pia, mradi uimalize kwenye kikaango: kitunguu, karoti, pilipili hoho, mchuzi wote ukauke. Kazi iko kwenye kuichemsha. Jiji letu liko juu, karibu mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharagwe ya Nairobi yanakula gesi kuliko ya Pwani. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, tumia sufuria ya presha. Nachemsha nyingi Jumapili na kugandisha mafungu, kila fungu linakaangwa jioni yake.

Sukuma wiki nimelazimika kuipika upya kabisa. Ile ya nyanya inatoa maji hadi jirani zake wanalowa. Sasa ni kitunguu, chumvi mwishoni, moto mkali, dakika chache, kisha naiminya kwa mwiko kabla ya kupakia. Managu inafaa zaidi kwa sababu haipotezi ladha ikipoa. Kachumbari naikata asubuhi bila chumvi, kwani chumvi ndiyo inayovuta maji. Chumvi na ndimu naziweka mezani. Avokado halikatwi nyumbani. Linabebwa zima, na kisu cha ofisi kinafanya kazi.

Omena iliyokaushwa kwenye kikaango na ndimu ni tamu sana ikiwa baridi. Sitasema zaidi ya hapo, ila kaa karibu na dirisha.

Sasa, muda. Ushauri wa kawaida wa usalama wa chakula, ambao hata Shirika la Afya Duniani linautoa, ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la chumba zaidi ya saa 2. Mtu anayepakia saa kumi na mbili asubuhi na kula saa saba mchana amepita hapo mara kadhaa. Nduma na chapati sizihofii sana, lakini kuku, mayai na samaki nawaogopa. Hapa ndipo chuma kilichonikosea kwenye joto kinanilipa kwenye baridi. Nagandisha chupa ndogo ya maji, naizungushia taulo, naiegemeza kwenye mkebe ndani ya mfuko, na kwa kuwa chuma kinapitisha baridi haraka, chakula kinabaki baridi hadi nifike kwenye friji ya ofisi. Plastiki ingejikokota. Saa sita nautoa mkebe, saa saba chakula hakiumi meno. Maji ya chupa nayanywa jioni nikirudi.

Kupakia kwenyewe kuna ujuzi mmoja tu: kaza. Mkebe wenye nafasi tupu, kila kitu kinahama. Naanza na kikubwa kisichobadilika umbo, kama mukimo au kiazi, kisha kuku, na mwisho nasokota mboga kwenye mapengo. Kwa ukubwa, Wajapani wana hesabu rahisi: mkebe uliokazwa vizuri, nusu yake wali, mililita zake zinakaribia kilokalori za chakula kilichomo. Kwa hiyo wa mililita 600 au 700 unamtosha mtu mwenye mwili mdogo anayeshinda kwenye kiti, na wangu wa 1,000 ni wa mtu anayekula vizuri, au anayekula saa saba na tena saa kumi. Usichukue mkubwa kwa kuwa bei imepishana kidogo. Utaubeba nusu tupu na kila kitu kitachanganyika.

Pesa je? Watu wanasema kubeba chakula kunaokoa pesa, na mimi nasema inategemea ulikuwa unakula wapi. Kibandani jirani na kazini chapati mbili na ndengu ni shilingi 120, na mama yule anajaza sahani. Nikihesabu unga, mafuta, gesi na usingizi wa asubuhi, namshinda kwa shilingi chache sana, na siku za kuku yeye ndiye ananishinda. Anayefanya kazi Upper Hill au Westlands, ambako mlo wa mgahawani unaweza kufika shilingi 500 na kuendelea, ataona tofauti mapema. Mimi faida yangu ni nyingine: nakula mboga zaidi, najua mafuta yaliyotumika ni mapya, na sitoki nje mvua ya Aprili ikinyesha. Ijumaa bado naenda kibandani. "Umenitoroka, kastoma," mama ananiambia, na mchuzi anauongeza hivyohivyo.

Kuuosha ni raha. Chuma hakishiki rangi wala harufu, na mafuta yanatoka kwa maji ya moto na sabuni kidogo. Vibanio ndivyo vinavyonitia wasiwasi. Kimoja kimeanza kulegea, na sijauangusha hata siku moja. Kwa jumla naupa nyota tatu na nusu kati ya tano. Hiyo moja na nusu imeondoka na kuta za ndani zisizoziba, na mpira.

Kwa sababu mpira ndio unaonikera hasa. Unachomoka, unaoshwa, unarudishwa, ni sawa, lakini wa akiba hauuzwi. Nilirudi Kamukunji kuuliza nikaambiwa ninunue mkebe mwingine, na aliyeniambia alikuwa na uso mkavu kabisa. Kwa hiyo ukienda, kabla hata ya kuanza kuvutana bei, uvute mpira utoke wote kisha uurudishe kwa kidole. Ukiwa umegundishwa usitoke, huo hutaweza kuuosha chini yake, na baada ya muda utafungua chamcha yako ukaribishwe na kitunguu cha wiki iliyopita. Ukiwa umekatika au unavutika kama uzi wa zamani, mwambie akuletee mwingine kutoka stoo. Iko, wanaificha tu nyuma.