Vikao vya mshauri wa saikolojia kwa sisi tusioweza kukataa: nyota nne kati ya tano

Nianze na hukumu ili mwenye haraka asipoteze muda: nyota nne, na ningerudi tena. Niliingia kwenye tiba ya mazungumzo kwa shida moja tu, kushindwa kumkatalia mtu, nikatoka naweza kumkatalia shemeji yangu. Wanaomfahamu shemeji yangu wanajua hilo si jambo dogo.

Mimi ni fundi wa kompyuta, na fundi wa kompyuta kwenye ukoo ni mali ya umma. Printa imegoma, apigiwe yeye. Mtoto kasahau nywila, apigiwe yeye. Laptopu imemwagikiwa maji saa tano usiku, apigiwe yeye, na aambiwe ni ya kazi na inatakiwa asubuhi. Malipo ni "Mungu akubariki". Baraka sizikatai, ila nilikuwa nazipokea nikiwa mezani, msalani na usingizini. Uchovu ningeuvumilia. Kilichonipeleka kwa mshauri ni hasira: simu ikiita tu, moyo unaenda mbio kabla sijaona jina, na nilikuwa nimeanza kuwachukia watu ninaowapenda.

Huduma yenyewe ni ya kawaida. Mshauri mwenye leseni, mama wa makamo, kikao cha dakika 50 mara moja kwa wiki, vingi ana kwa ana na vichache kwa video. Siku ya kwanza unasaini fomu, na fomu hiyo isomeni, msiipitie juu juu. Inaeleza kwamba mnayozungumza ni siri, na inaeleza siri inaishia wapi: akiona unataka kujidhuru au kumdhuru mwenzako, au kuna mtoto anayeteswa, analazimika kuchukua hatua. Inaeleza pia kwamba ukivunja miadi bila kutoa taarifa saa 24 kabla, unalipa kama kawaida, na kwamba ujumbe wa usiku utajibiwa saa za kazi. Ya dharura yapelekwe kwenye huduma za dharura. Nilimwona mama mkavu kidogo.

Halafu ikafika dakika ya 50. Nilikuwa katikati ya hadithi ndefu, tena tamu, ya mjomba na diski yake iliyokufa. Akasema, "Tuishie hapa leo, kaka. Wiki ijayo tutaanzia hapo kwa mjomba." Basi. Hakuomba radhi mara tatu, hakusingizia mgeni mlangoni. Nilitoka nje nikijipapasa kutafuta kinyongo, sikukiona. Wiki iliyofuata alianzia kwa mjomba, kama alivyosema. Kwangu mimi hicho ndicho kilichostahili pesa yangu kuliko karatasi zote alizonipa baadaye: kila wiki nilikaa mbele ya mtu mwenye mipaka, nikawa mimi ndiye ninayewekewa, na nikaona kwamba haiumi.

Jambo la pili alilolinyoosha ni kwamba mpaka haumhusu shemeji. Nilikuja na orodha ya sheria: asinipigie usiku, asitume watoto, asinisemee kwa watu. Akaisoma, akauliza ni ipi kati ya hizo ninayoweza kuitekeleza bila ridhaa yake. Hakuna hata moja. "Hizi ni maombi tu," akasema. "Wewe utafanya nini?" Tukaanza upya: saa mbili usiku nazima mlio wa simu, kazi za ufundi napokea ofisini, asubuhi. Hapo shemeji anaweza kupiga hadi kuche, mpaka wangu haujaguswa.

Kisha yakaja mazoezi, na hapa mama alijua kazi yake. Aligeuka shemeji.

"Shemeji, dakika mbili tu, ni kupiga Windows."

"Samahani sana shemeji, leo nina kazi nyingi, halafu gari limeharibika, na flashi ya kuwekea sina..."

Akanisimamisha, akasoma nilichosema kama orodha ya vikwazo. Kazi nyingi? Atasubiri umalize. Gari? Atakufuata. Flashi? Ananunua sasa hivi. Kila sababu niliyotoa ilikuwa mlango, na shemeji ni mtu wa kugonga milango. Tukarudia.

"Shemeji, jioni sifanyi ufundi. Ilete ofisini Jumatatu asubuhi."

"Lakini wewe ni ndugu. Undugu ni kufaana!"

"Kweli kabisa. Ilete Jumatatu asubuhi."

Husemi zaidi ya hapo. Sentensi ileile, sauti ileile, kama santuri iliyokwama. Tulirudia mpaka nikaacha kucheka, halafu mpaka nikaacha kutokwa jasho. Hii si mbinu ya juzi. Tangu 1958 daktari Joseph Wolpe, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliandika juu ya kumfundisha mtu kusema anachotaka kama njia ya kupunguza wasiwasi wake, kwa hoja kwamba mwili haumudu kujieleza kwa uthabiti na kuogopa kwa wakati mmoja. Mbinu nyingine aliyonipa inatoka kwenye tiba ya mwanasaikolojia Marsha Linehan, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Washington, Marekani: eleza hali ilivyo, sema inavyokugusa, omba au kataa waziwazi, mwonyeshe mwenzako atakachofaidi, usiyumbe, na uwe tayari kupatana. Na usiombe radhi pasipo kosa. Hilo la mwisho lilinitesa, maana mimi "samahani" ni kama koma.

Sehemu ambayo mtu anapaswa kuambiwa mapema, na mama aliniambia, ni kwamba ukianza kukataa mambo yanachafuka kwanza. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alionyesha kwa panya na njiwa kwamba tabia iliyozoea kulipwa ikinyimwa malipo huongeza nguvu kabla ya kufifia, na kwamba malipo ya mara moja moja ndiyo yanayoifanya iwe ngumu kufa. Yaani kukataa mara nne na kukubali ya tano ni kumfundisha mtu kupiga mara tano. Nilipoacha kupokea usiku, simu hazikupungua, ziliongezeka. Shemeji alipokwama akamtuma dada. Dada alipokwama, akapiga mama mzazi.

"Mwanangu, nasikia siku hizi umekuwa mtu mkubwa."

Hakuna zoezi linalomwandaa mtu kwa hilo. Kikao kizima kilichofuata kilikuwa cha sentensi hiyo moja. Mshauri alinichorea jedwali: tukio, wazo lililonijia, hisia na uzito wake kuanzia 0 hadi 100, ushahidi wa wazo hilo, ushahidi wa kulipinga. Kwenye wazo niliandika "mimi ni mtoto mbaya", hatia 90. Kwenye ushahidi wa kuliunga mkono nilikaa na kalamu muda mrefu, nikaandika "sikutengeneza printa". Nilipoisoma kwa sauti hatia ikashuka yenyewe. Haikufika sifuri, wala hakuniahidi sifuri. Alisema hatia ni king'ora, kinaweza kulia hata pasipo na moto, na kazi yangu ni kwenda kukagua kabla ya kukimbia.

Mwezi huo nilitaka kubadilisha namba ya simu, niwapotee wote. Mshauri akanichomolea Salvador Minuchin, tabibu wa familia mzaliwa wa Argentina, ambaye tangu miaka ya 1970 wanafunzi wa fani hiyo wanasoma michoro yake ya familia. Kwake, kuna nyumba ambazo mipaka yake imeyeyuka, mmoja akipiga chafya wote wanaumwa, na kuna nyumba ambazo mipaka yake ni ukuta, mtu anaumwa na hakuna anayejua. Namba mpya ingenitoa nyumba ya kwanza ikanitupa ya pili. Namba sikubadilisha.

Sasa ile nyota niliyoizuia. Vikao vya video ni dhaifu. Ukiwa unaelekea kulia picha ikaganda, machozi hayarudi tena kwa miadi. Na siku moja maikrofoni yake haikufanya kazi, akaandika kwenye skrini: "Kaka, samahani, unajua hii inarekebishwaje?" Naapa. Nilimwelekeza, na sauti iliporudi yeye ndiye aliyecheka kwanza, akaniuliza kama nimesaidia kwa hiari au kwa mazoea. Swali zuri sana, ila lilikula muda wangu niliolipia, na hakuufidia. Pia kila kikao kilifunguliwa na fomu ya kujaza namba za huzuni na wasiwasi. Naelewa faida yake, lakini wiki ambazo nilifika na moto kichwani ilikuwa karaha.

Kuna watu nisingewatuma huko na mbinu hizi peke yake. Kama anayevuka mipaka yako anakupiga, anakutishia au ameshika pesa na simu yako, sentensi thabiti mbele yake inaweza kuongeza hatari. Hapo kinachotangulia ni mpango wa usalama na watu wanaoshughulika na ukatili wa majumbani. Mshauri wangu aliniuliza habari hizo kikao cha kwanza, kabla hajanifundisha chochote, na kama wako hajauliza, mwambie wewe mwenyewe. Tena kama unatafuta mtu wa kukuambia ndugu zako ni wabaya, utachoka bure. Wangu hakumsema vibaya shemeji hata siku moja, ingawa nilimpa nafasi nyingi.

Wakati wa kuchagua, muulize leseni yake ameipata wapi na nani anasimamia kazi yake, na muulize ana uzoefu gani na watu wenye shida ya kukataa. Muulize pia kama mtafanya mazoezi ya maneno kwa sauti humo chumbani. Mazungumzo ya utotoni yana nafasi yake, na sisi tulitumia wiki za mwanzo huko, nyingi kuliko nilivyotaka. Ila simu ya saa tano usiku inataka mdomo uliokwisha zoea. Na akikwepa swali la leseni, usisaini fomu.